Uji Usiofika Saa Nne

Wahenga walisema: shibe mwana malevya, njaa mwana malegeza. Nayakumbuka maneno haya kila asubuhi ninapoelekea kazini, maana katika kila kona ya mji huu wa Dar es Salaam yupo mama lishe mwenye chupa kubwa ya uji, na mbele yake wamesimama makuli, makondakta, mafundi, walinzi wanaotoka lindo na watoto wa shule waliovaa sare. Kila mmoja anapewa kikombe chake, anapuliza, anakunywa, anakwenda zake. Ikifika saa nne, wengi wao matumbo yananguruma kana kwamba hawakutia kitu mdomoni tangu jana.

Swali langu wiki hii, ndugu msikilizaji, ni hili: je, kosa ni la uji? Wapo wanaoamini hivyo. Husema uji ni chakula cha mgonjwa na mzazi, na kwamba mtu mwenye kazi zake hapaswi kuutegemea. Wengine wamekwenda mbali zaidi, wamekata shauri kwamba uji wa maana ni ule wa kopo kutoka ng'ambo. Mimi naona uji unasingiziwa. Uji ni chombo tu. Ukijaza maji utabeba maji, na ukitia chakula utabeba chakula.

Hebu tuanze na hesabu, kwa sababu hesabu haina upendeleo. Chukua kikombe kikubwa cha uji mwepesi wa mahindi, cha mililita 300. Ndani yake unga hauzidi sana vijiko viwili vikubwa, yaani gramu 20 hivi. Kilichobaki chote ni maji. Unga huo unampa mnywaji kalori kama 70, na protini isiyofika gramu 2. Mtu mzima anayebeba magunia anahitaji kalori zaidi ya 2,000 kwa siku. Sasa huyo kuli aliyekunywa kikombe kimoja saa kumi na mbili alfajiri, tutamlaumuje akilegea saa nne?

Kwa nini basi tumbo linajisikia limejaa pale tu anapomaliza kunywa? Ni kwa sababu tumbo hupima ujazo kwanza. Maji ya moto yenye wanga kidogo hulitanua, nalo hutuma habari kwamba limeshiba. Lakini chakula chepesi namna hiyo hupita tumboni upesi, wanga wake hugeuzwa sukari ya damu upesi, na hiyo sukari huondoka upesi vilevile. Mla ni mla leo, mla jana kala nini? Kwa uji mwepesi hatuna haja ya kungoja hata hiyo kesho.

Dawa tuliyozoea ni kuongeza sukari. Sukari ni tamu, na nguvu inayo, lakini ni nguvu ya moto wa makaratasi: huwaka kwa kishindo na kuzimika mara moja. Haina protini, haina mafuta, haina nyuzinyuzi, wala haina madini ya kutajika. Mtu akitia vijiko vinne vya sukari katika uji wa maji, amejipatia maji matamu. Na kwa wale wenye ugonjwa wa kisukari, ambao mijini wamekuwa wengi, amewaongezea balaa.

Yapo mambo matatu yanayomfanya mtu ashibe na shibe yake idumu. La kwanza ni uzito wa uji wenyewe pamoja na nyuzinyuzi zake, maana chakula kizito chenye kapi hukaa tumboni muda mrefu. La pili ni protini, ambayo kuliko virutubisho vingine vyote ndiyo humtuliza mtu asitamani kula tena mapema. La tatu ni mafuta, ambayo huchelewesha chakula kutoka tumboni. Uji unaokosa yote matatu hauwezi kufika saa nne, hata ukinywewa ndoo nzima.

Tutazame unga kwanza. Wengi wetu mijini tunapenda sembe kwa weupe wake. Weupe huo hupatikana kwa kukoboa, na katika kukoboa huondoka ganda lenye nyuzinyuzi na kile kiini cha punje chenye mafuta na vitamini. Kinachobaki ni wanga mtupu kwa sehemu kubwa. Dona haiondolewi kitu. Uji wa dona una ladha nzito zaidi na hukaa zaidi, na aghalabu bei yake haiizidi ya sembe. Ulezi nao ni hazina ambayo baadhi ya watu wa mjini huidharau kwa rangi yake. Gramu 100 za ulezi zina kalisi ya miligramu 300 na zaidi, ilhali mahindi hayana hata 20. Kalisi hiyo haiingii yote mwilini, kwa kuwa nafaka ina kemikali inayoishika, lakini nitaeleza baadaye jinsi bibi zetu walivyoifungua.

Tuje kwenye protini na mafuta. Hapa mkombozi ni karanga. Kijiko kikubwa kimoja cha karanga zilizosagwa laini kina kalori zaidi ya 90 na protini gramu 4. Ongeza nusu kikombe cha maziwa ya ng'ombe, utapata kalori nyingine 90 na ushei na protini gramu 5. Rudi sasa kwenye kile kikombe chetu cha kalori 70. Kimefika 260, na protini imetoka chini ya gramu 2 hadi kupita 10. Kikombe ni kilekile, na unga ni uleule. Kilichobadilika ni kwamba sehemu ya maji imeondolewa, chakula kikaingia mahali pake.

Kuna faida nyingine iliyojificha hapo. Protini ya mahindi peke yake ina upungufu, kwa kuwa imekosa kiasi cha kutosha cha baadhi ya vijenzi ambavyo mwili hauwezi kujitengenezea. Maziwa na soya vina vijenzi hivyo kwa wingi, kwa hiyo vikikutana na nafaka, kimoja huziba pengo la mwenzake. Asiye na maziwa atumie tui la nazi kwa ajili ya mafuta, na karanga au soya kwa ajili ya protini. Soya isitiwe mbichi. Ichemshwe au ikaangwe vizuri kabla ya kusagwa, kwani ikiwa mbichi ina vitu vinavyozuia protini isimeng'enywe.

Mtaniambia: sawa, umetushibisha, lakini mbona hujazungumzia utamu? Nazungumzia sasa, maana chakula kisichopendeza mdomoni watoto hukimwaga nyuma ya nyumba.

Utamu wa uji huanza kabla ya maji kuchemka. Unga wa ulezi au wa mahindi ukikaangwa kidogo kwenye sufuria kavu, kwa moto mdogo, huku ukigeuzwa hadi utoe harufu, ladha yake hubadilika kabisa. Kisha unga ukorogwe kwanza katika maji ya baridi, ndipo umiminwe kwenye maji yanayochemka. Sababu yake ni nyepesi kuielewa. Unga mkavu ukiangukia maji ya moto, sehemu ya nje ya kila donge huvimba na kunata papo hapo, ikafungia unga mbichi ndani. Hapo ndipo yanapotoka mabonge. Halafu uji uachwe uchemke, usiharakishwe. Uji wa dakika tatu una harufu ya unga mbichi na hulaumiwa bure, ilhali ule uliotokota robo saa na zaidi huwa laini na mtamu hata kabla ya kutiwa sukari.

Tia chumvi kidogo, ncha ya vidole tu. Chumvi hiyo huamsha ladha ya nafaka, na sukari ikatosha kidogo. Kama unataka utamu, ponda ndizi mbivu au loweka tende uzikoroge ndani. Wenzetu wa Zanzibar na Pwani, hasa mwezi wa Ramadhani, huutia uji pilipili manga, wengine hiliki na tangawizi, na uji huo humkaribisha aliyefunga kutwa bila kumshtua tumbo. Wanaopenda ukali hukamulia ndimu au kutia maji ya ukwaju. Ndimu ina faida ya ziada, kwa kuwa vitamini C yake huusaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo katika nafaka. Itiwe uji ukishaepuliwa, na isikutane na maziwa, la sivyo yatakatika.

Sasa nigeukie wale wa makopo na pakiti. Wasikilizaji wengi huniuliza kuhusu oti, ile nafaka ya nchi za baridi ambayo watu huichanganya na shayiri ingawa ni mimea miwili tofauti. Je, ina sifa kweli, au ni maringo ya watu wa mjini? Jibu ni kwamba sifa inayo. Oti ina aina ya nyuzinyuzi zinazoyeyuka katika maji na kufanya ute mzito. Ute huo ndio unaochelewesha chakula tumboni, na ndio unaosaidia kupunguza lehemu katika damu. Mwaka 1997 idara ya serikali ya Marekani inayosimamia chakula na dawa iliruhusu watengenezaji waandike kwenye pakiti kwamba nyuzinyuzi hizo, gramu 3 kwa siku, zikiwa katika mlo wenye mafuta machache ya wanyama, zaweza kupunguza hatari ya maradhi ya moyo. Shayiri nayo inazo.

Lakini oti nayo yaweza kuharibiwa kama uji mwingine wowote. Ile iliyosagwa laini na kupikwa kabla, inayotiwa maji ya moto na kuliwa papo hapo, husagika tumboni upesi kuliko ile ya punje zilizobanwa tu au kukatwakatwa. Na pakiti nyingi za namna hiyo zimekwisha tiwa sukari kiwandani. Anayenunua oti anunue ile isiyo na kitu kingine, aipike kwa maziwa na maji nusu kwa nusu, atie chumvi kidogo, karanga na ndizi. Huko Scotland, katika kijiji cha Carrbridge, tangu mwaka 1994 hufanyika mashindano ya kupika uji, na mshindi hupewa mwiko wa dhahabu. Katika shindano lenyewe kubwa hawaruhusiwi kutia kitu zaidi ya oti, maji na chumvi. Maana yake nini? Maana yake wenye nafaka hiyo wanajua kwamba utamu wa uji ni mkono wa mpishi na uvumilivu wa moto. Na asiyekuwa na fedha ya oti asijione amepungukiwa. Ulezi na dona, vikipikwa kwa heshima ileile, vitamfikisha saa sita.

Ndugu msikilizaji, hadi hapa nimezungumza kama kwamba jambo hili ni la mtu mzima na tumbo lake. Mtu mzima akisikia njaa saa nne hununua kitumbua, maisha yakaendelea. Kuna mnywaji mwingine wa uji ambaye hana fedha mfukoni na wala hajui kusema. Huyu ni mtoto wa miezi minane.

Tumbo la mtoto huyu ni dogo, hubeba kama kikombe kimoja cha chai kwa mlo. Mama, kwa mapenzi yake, humpikia uji mwepesi ili aumeze bila taabu. Mtoto anakunywa, tumbo linajaa, analala. Mama anaridhika. Kumbe tumbo limejaa maji. Hata akinyweshwa mara nne kwa siku, hawezi kufikisha chakula anachohitaji, kwa sababu nafasi imekwisha. Mtoto huyu hakonde kwa haraka mkashtuka. Anabaki mfupi tu, na watu husema amemfuata babu yake. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika Tanzania watoto 30 kwa kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Mwaka 2010 walikuwa 42. Tumepiga hatua, lakini bado karibu mmoja kwa kila watatu. Uji mwepesi si sababu pekee, yapo maradhi, yapo maji machafu na upo umaskini. Hata hivyo, ni sababu ambayo mama anaweza kuiondoa jikoni mwake leo.

Kipimo chake ni rahisi. Inua kijiko cha uji. Ukitiririka kama chai, huo ni wa kunywa mwenye kiu. Uji wa mtoto unapaswa kubaki juu ya kijiko. Utiwe kijiko cha karanga laini au maziwa au mafuta kidogo.

Na kama mtoto anakataa uji mzito, wazee wetu walikwisha gundua dawa kabla ya maabara. Dawa hiyo ni kimea, kilekile kinachotumika Kilimanjaro katika mbege. Ulezi hulowekwa usiku kucha, huchujwa, hufunikwa kwa kitambaa chenye unyevu kwa siku mbili au tatu hadi uchipue, kisha huanikwa na kusagwa. Nafaka inapochipua hutengeneza kimeng'enya cha kuvunja wanga. Mwaka 1983 watafiti Mosha wa hapa Tanzania na Svanberg wa Sweden walichapisha kazi iliyoonyesha jinsi unga huo unavyofanya kazi. Pika uji mzito, uache upoe kidogo usiwe wa kuchemka, tia kijiko cha chai cha kimea, koroga. Baada ya dakika chache uji huo mzito unalegea na kunyweka, bila kuongezwa tone la maji. Urudishe motoni uchemke tena kidogo, kwa usalama, ndipo umpe mtoto. Nashauri ulezi na si mtama kwa kazi hii, kwani machipukizi ya mtama yana sumu na yanahitaji kuondolewa kwa uangalifu.

Kuchipua huko, pamoja na kuchachusha, ndiko kunakolegeza ile kemikali inayoshika kalisi na chuma niliyoitaja awali. Watu wa Ruvuma na nyanda za juu kusini wanaijua togwa, uji uliotiwa kimea na kuachwa uchachuke. Ukali wake si wa mapambo. Asidi hiyo huwazuia vijidudu wa kuharisha wasistawi. Mwaka 1994 Lorri na Svanberg walichapisha utafiti uliofanyika hapa Tanzania, wakaonyesha kwamba watoto wadogo waliolishwa uji uliochachushwa waliugua kuharisha mara chache kuliko wenzao.

Nimalize kwa onyo, kwa kuwa jambo jema likifanywa vibaya hugeuka hasara. Mitaani unauzwa unga uitwao wa lishe, wenye nafaka na kunde namna saba, nane, hata kumi, zote zimesagwa pamoja. Wingi wa namna hauongezi lishe kwa kiasi tunachodhani. Zaidi ya hayo, karanga na soya zikisagwa pamoja na nafaka na kuwekwa muda mrefu, mafuta yake huchacha, na unga ukawa mchungu. Saga nafaka peke yake, na karanga zako peke yake, kidogo kidogo, uzichanganye siku ya kupika.

Hatari kubwa zaidi ni ile isiyoonekana, yaani sumukuvu, sumu itokanayo na ukungu wa mahindi na karanga zilizohifadhiwa kabla ya kukauka. Mwaka 2004 huko Ukambani, Kenya, watu 125 walikufa kwa mahindi yenye sumu hiyo. Mwaka 2016 ikawa zamu yetu, watu 20 walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Sumu hii haifi kwa kuchemshwa, na kukaanga hakuimalizi. Kwa hiyo nunua karanga nzima, si zilizokwisha sagwa na mtu usiyemjua. Zichambue mezani moja moja, na zilizonyauka, zilizobadilika rangi au zenye ukungu uzitupe. Usimpe kuku, wala usizitie kwenye uji wa mtoto kwa kusema ni hasara kutupa.

Hayo yote, ukiyatazama, hayahitaji jiko jipya wala mshahara mpya. Yanataka dona badala ya sembe, kijiko cha karanga zilizochambuliwa badala ya kijiko cha tatu cha sukari, moto wa robo saa badala ya dakika tatu, na jicho la kutazama kama uji unabaki juu ya kijiko. Na wewe mama lishe unayetulisha sisi sote barabarani, nakuomba jambo moja. Weka kopo la karanga zilizosagwa karibu na lile la sukari, uuze kijiko kwa bei yake. Wateja watalipa. Mtu akishajua kikombe kinachomfikisha saa sita hawezi kurudi kwenye kinachomwacha njiani.